Siku Niliyongoja Mto Upungue

Wiki jana nilipanda kwenye kiti, na magoti yangu haya, nikashusha kibuyu kilichokuwa kimening'inia juu ya meko miaka mingi. Mjukuu wangu alinipigia kelele kwamba nitaanguka. Nikamwambia nilianguka mara nyingi kabla hajazaliwa na bado niko hapa. Nikafuta masizi kwa leso, nikang'oa gunzi la mahindi lililokiziba, nikaweka pua kwenye mdomo wake. Ndani kulikuwa na harufu ya moshi, na chini ya moshi kuna kitu kingine, kama mchanga uliolowa. Huku kwetu juu ya Embu hakuna mchanga. Tuna udongo mwekundu na matope yanayovua watu viatu. Harufu ile ilitoka mbali, na mimi najua iliingia siku gani. Ikabidi nikae.

Sababu ya kukishusha ni huyo mjukuu. Ni muuguzi, na amepewa kazi Hola. Wanawake wa kanisa walikuja kumuaga, na kabla chai haijamiminwa walikuwa wameshamzika.

"Huko hakuna maji," alisema mmoja, mama ninayemheshimu sana mambo mengine. "Watu wanajipaka mchanga wakitaka kuoga."

"Wewe umefika?" nikamuuliza.

"Sijafika, lakini kuna watu waliofika."

"Watu gani?"

Akaangalia kikombe chake. Mimi sikumsumbua zaidi, kwa sababu huyo "watu" namjua tangu utotoni. Alikuwa baba yangu mkubwa, na jina lake ni Nyaga.

Nyinyi wa umri wangu mtakumbuka jinsi dunia ilivyokuwa. Ilikuwa mteremko. Upande wa juu kulikuwa na msitu, ukungu na mlima. Upande wa chini kulikuwa na mji, halafu joto, halafu Wambeere. Baada ya Wambeere, kadiri nilivyoelewa, nchi ilikwisha na mito ikamwagika tu. Sisi hatukuwa na kulia wala kushoto. Hata kwenye benchi jikoni mtu aliambiwa asogee upande wa juu au upande wa chini, na alijua. Usiku ukitoka nje miguu yenyewe ilikuambia uko wapi, maana kila mahali palipanda au palishuka.

Chini ya shamba letu ulipita Rupingazi. Ulikuwa mto wa mawe, unaoruka na kupiga kelele, na maji yake yaliuma meno. Ulikwenda wapi? Ulikwenda chini. Hilo lilitutosha. Mvua ikinyesha mlimani ulijaa ghafla, ukawa mwekundu, ukabeba magogo, na kivuko kikapotea. Mtoto wa kwetu hakuhitaji kufundishwa la kufanya. Uliweka mzigo wako chini, ukakaa kwenye jiwe, ukangoja. Baada ya muda maji yalipungua, mawe ya kivuko yakatoa vichwa, ukavuka ukaenda kwa nyanya yako. Mto ukijaa unangojwa upite. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Watu wa chini tuliwaona miaka mibaya tu. Mvua ikikosa kwao walipanda kwetu kuchuma kahawa, wamejaa vumbi, wamebeba vibuyu na mikeka ya kuuza, wanaomba ndizi mbichi. Mwaka wa mvua nzuri walibaki kwao wanakula mtama wao na kunde zao, na hatukuwaona. Kwa hiyo tulijua kwa hakika kwamba Mbeere ana njaa siku zote. Hakuna aliyejiuliza wanaishije ile miaka ambayo hawaji.

Habari nyingine zote zilitoka kwa Baba mkubwa Nyaga. Alikuwa akishuka kununua mbuzi, na akirudi alikaa jikoni kwetu na koti lake refu, anaombwa aeleze.

"Huko," alisema, "jua halikai mbinguni. Linashuka linakaa juu ya paa."

"Na maji?" Mama aliuliza.

"Maji! Mke wa ndugu yangu, mtu akikupa maji huko amekupa mtoto wake. Mbuzi wanalamba umande. Nyoka wanaingia ndani ya viatu kutafuta kivuli."

"Na nyoka wakikosa viatu?" niliuliza mara moja.

"Mtoto huyu hana adabu," alisema, na Mama akanipa kibao kidogo. Lakini Baba mkubwa hakujibu swali.

Sasa fikirieni Mama alivyojisikia dada yangu Wawira alipopendwa na Ireri. Ireri alikuwa kijana Mbeere wa Kiambere aliyekuja kuchuma kahawa kwenye mwaka mmoja wa hiyo mibaya. Alichuma kwetu, akaondoka, mwaka uliofuata akarudi bila njaa, na wazee wake, na mbuzi. Baba alikubali. Mama hakuwa mtu wa kulia, lakini siku Wawira alipoondoka alipepeta maharagwe yaleyale mara tatu, na machozi yanashuka.

Mimi nililia waziwazi. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na Wawira. Alikuwa akinisuka nywele jioni, polepole, ananiimbia. Alipoondoka kitanda kikawa na baridi upande wa juu, na kunisuka kukaangukia mikononi mwa Mama, aliyenivuta kama anang'oa maharagwe.

Haukupita mwaka, habari ikapanda kwamba Wawira karibu atajifungua. Kwetu msichana akizaa mbali, mdogo wake hupelekwa kumshikia mtoto. Nilikuwa na miaka tisa hivi, kwa hiyo yaya alikuwa mimi. Baba mkubwa, kwa kuwa alipajua, aliambiwa anifikishe mpaka mlangoni.

Alfajiri ya kuondoka Mama alishuka mtoni yeye mwenyewe na kile kibuyu. Alikijaza maji ya Rupingazi pale yanaporuka juu ya jiwe, akakiziba kwa gunzi na jani la ndizi, akakifunga kamba ya kubebea.

"Uji wa kwanza wa dada yako utapikwa na haya," alisema. "Mwanangu hatazaa halafu anywe maji ya kuomba kwa jirani."

Kisha akanivuta nyuma ya ghala, akaniinamia mpaka nikaona mishipa ya macho yake.

"Sikiliza. Sitaki hadithi, hadithi tunazo za baba yako mkubwa. Wewe angalia kwa macho yako. Ukirudi utaniambia neno moja, maji yapo au hayapo. Ukisema hayapo, baba yako atarudisha mbuzi wa watu na Wawira atakuja nyumbani na mtoto wake. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Nilielewa kuliko alivyofikiri. Wawira arudi! Kitanda kipate joto, nywele zisukwe na mtu mwenye huruma! Neno langu nilikuwa nimeshalichagua kabla hatujafika barabarani.

Tulipanda basi mjini Embu, nikashuka Kiritiri nimelowa magoti, maana kibuyu kilivuja kidogo. Siku hiyo ilikuwa ya soko. Baba mkubwa alikwenda moja kwa moja palipokuwa na mbuzi, akaanza kuwapapasa migongo. Ireri alikuwa akitungoja na punda.

"Mzee, twende," alisema kwa heshima. "Mama ameshachinja kuku."

"Mnisamehe leo. Kutoka hapa njia imenyooka, na kwenu napajua sana."

"Kumbe ulishawahi kufika?"

"Mara nyingi. Wewe ulikuwa mdogo."

Ireri aliangalia vidole vyake vya miguu. "Basi karibu tena," alisema.

Nilitazama nyuma mara moja. Baba mkubwa alikuwa amefungua mdomo wa beberu anahesabu meno. Hakuonekana mtu mwenye nia ya kwenda popote.

Njia ile ilinichanganya. Si urefu wake, ni ubapa wake. Miguu yangu ilitafuta mteremko ikaukosa. Nikamuuliza Ireri, "Shemeji, sasa tunapanda au tunashuka?"

"Tunakwenda," alisema.

Jua lilikuwa kali, lakini halikuwa juu ya paa, nililiangalia vizuri. Miti ilikuwa mifupi na miiba mirefu. Kisha tukafika mahali nilipotambua ni mto, una kingo mbili kama mito yote, ila ndani yake umejaa mchanga mtupu kutoka ukingo huu hadi ule. Katikati walikuwepo wanawake wawili wamepiga magoti. Wamechimba shimo, wanateka maji kwa kata ndogo, kidogo kidogo, wanajaza mtungi.

Moyo wangu ukacheza. Kumbe Baba mkubwa alisema kweli! Watu wanachimba maji kama viazi. Nikaanza kutabasamu peke yangu, na Ireri akaniuliza kama ni jua limenipata.

Tulipofika, mama yake Ireri alitoka mbio, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kabla hata ya kunisalimu vizuri alinishika mkono, akanikagua shingo na nyuma ya masikio.

"Ooi, maskini! Watu wa baridi hawaogi!"

Na kweli kwetu hatukuoga sana, maji yalikuwa kama visu. Lakini hakuna aliyekuwa amenitangazia hivyo mbele ya kuku na majirani. Alinisimamisha juu ya jiwe nyuma ya nyumba, akanisugua kwa debe zima la maji, halafu akamimina nusu debe jingine. Nyinyi mngeelewa hapo. Mimi nilifikiri wamemalizia akiba yao kwa heshima yangu, nikawahurumia.

Wawira alikuwa na tumbo kubwa na mashavu yaliyojaa. Nilimkabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

"Mama amekutumia maji. Ya uji."

Alikitikisa, akakisikiliza, akakumbatia kile kibuyu kama mtu. Kisha akamwangalia mama mkwe wake. Mama mkwe alijiziba mdomo na kugeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nilidhani anaona wivu.

"Asante," Wawira alisema. "Tutayaweka vizuri." Hawakunieleza lolote. Watu wazima ni hivyo.

Siku ya pili au ya tatu, baada ya uji wa asubuhi, waliniambia nikacheze mbali. Wanawake wamejaa nyumbani, Wawira anaguna ndani. Nilijua ni mtoto anakuja, nikaogopa, nikaenda mbele, nikifuata ile miti mirefu ya kijani niliyoiona kwa mbali. Nilisikia mvumo kama wa upepo, lakini majani hayakutikisika. Nikapita katikati ya miti.

Jamani.

Yalikuwa maji mekundu, mapana, mazito, yanapita bila kelele kama ng'ombe elfu wanaorudi zizini. Ng'ambo ilikuwa mbali kiasi kwamba mbuzi walioko huko walikuwa kama maharagwe. Sikuona jiwe hata moja la kuvukia. Gogo likapita katikati linazunguka taratibu.

Mimi nilijua naona nini. Nimelelewa mtoni. Ule ulikuwa mto umejaa, na mto ukijaa unangojwa. Nilitafuta jiwe kwenye kivuli, nikakaa, nikakunja sketi, nikangoja upungue nione kivuko chake kiko wapi.

Nilingoja. Jua likafika utosini. Nilichomeka kijiti pale maji yalipoishia, kama tulivyofanya kwetu, nione yanavyorudi nyuma. Kijiti kilikaa palepale. Nikasema moyoni kwamba huku hata mafuriko ni ya uvivu kwa sababu ya joto. Nikangoja tena. Njaa ikaja ikaondoka. Kivuli cha mti kiliniacha ikabidi nihame jiwe.

Mama yake Ireri alinikuta jua likiwa limeanza kushuka.

"Kumbe uko huku! Una mtoto wa kubeba, msichana, na ana sauti kama yangu! Mbona hukuja kula?"

"Cucu," nilisema, kama tunavyomwita nyanya kwetu, "nangoja mto upungue."

"Upungue uende wapi?"

"Upite. Mafuriko yapite, nione kivuko."

Alinitazama. Akaangalia mto, akaangalia kijiti changu, akanitazama tena. Kisha alicheka mpaka akashika mti. Alitaka kusema akashindwa, akakaa chini kabisa, akapangusa macho kwa kanga.

"Mwanangu," alisema alipopata pumzi, "ukingoja huu upite utaolewa hapahapa, na wajukuu zako watakuletea chakula kwenye jiwe hilo. Haya si mafuriko. Huu ni Tana. Uko hivi asubuhi, uko hivi jioni, na kukiwa na mafuriko hapa ulipokaa hapaonekani. Na usogee, majini kuna mamba."

Nilisogea haraka. "Ni wenu?" niliuliza.

"Wetu?" Alitaka kuanza kucheka tena, akajizuia. "Ni wenu. Ule mto mnaonawia miguu huko juu unaitwaje?"

"Rupingazi."

"Umo humu. Huo na wenzake wote wa mlimani. Mvua ikinyesha kwenu sisi tunajua kabla hamjaanua nguo, maana maji yanabadilika rangi. Mkilima ovyo tunaona udongo wenu unapita. Mkikata migomba inakuja ikielea. Mwaka mmoja kilipita kiatu cha mpira, cha mguu wa kushoto. Nikakiokota, nikangoja cha kulia. Nakingoja hadi leo, kwa hiyo tuko wawili."

Hapo na mimi nikacheka.

"Sasa mbona mnachimba kwenye mchanga?"

"Ili mchanga uyasafishe. Wewe ungekunywa haya, na matope ya baba yako, na mamba anakuangalia?" Alinishika mkono tukaanza kurudi. "Sisi tunawajua nyinyi, kila siku mnapita hapa. Nyinyi mnatujua kwa kitu gani? Hakuna maji yanayopanda."

Nimekaa na swali lile miaka yote, na bado naliona ni la haki.

Jioni ile niliwekewa mtoto mapajani, mwekundu, amekunja ngumi. Nikamwangalia, nikamwangalia dada yangu amelala kwenye mkeka, na siri ikanishinda.

"Mama alisema nikisema hakuna maji utarudi nyumbani. Baba atarudisha mbuzi."

Wawira alijiinua kwenye mkeka. Nje mama mkwe wake alikuwa akiwasimulia wanawake habari za kijiti changu, na kicheko kinakuja kwa mafungu.

"Na wewe ulitaka kusema nini?"

"Hakuna."

"Ulipanga lini?"

"Tulipokuwa nyumbani."

"Kwa nini?"

"Mama ananisuka vibaya."

Alicheka, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akapangusa uso. "Niangalie vizuri," alisema. "Nimekonda? Nina kovu? Mimi sikuletwa hapa na njaa. Nilikuja kwa miguu yangu, na nimekaa kwa sababu nataka. Ukisema hakuna, watakuja watanitoa na huyu mtoto mgongoni, na Ireri atabaki akiangalia mlango, na yule mama anayecheka huko nje hatacheka tena. Mimi sitakufundisha la kusema. Ukaseme ulichoona."

Nilikaa miezi mitatu. Nilibeba mtoto, nilikula asali na mtama, nilijifunza kuchimba shimo la maji bila kuta zake kuanguka. Kila jioni Wawira alinisuka. Kila jioni ilizidi kuwa vigumu, kwa sababu sasa nilijua nakwenda kusema neno litakaloniacha na kitanda baridi.

Baba mkubwa alinichukua palepale Kiritiri, kwenye mbuzi. Usiku huo jikoni kwetu walikaa Baba, Mama na yeye. Mama hakuningoja hata nile.

"Yapo au hayapo?"

Nilimtazama usoni. "Yapo."

"Kiasi gani?"

"Niliyangoja tangu asubuhi mpaka jua kushuka, hayakuisha. Mbuzi wa ng'ambo ni kama maharagwe. Na ni yetu, Mama. Rupingazi umo ndani."

Baba mkubwa aliangua kicheko. "Mtoto amepigwa na jua. Mke wa ndugu yangu, mimi nimeshuka huko tangu wakati wa mkoloni. Mto gani? Kuna mchanga. Huyu amefundishwa maneno na dada yake. Tupange siku, mimi mwenyewe nitakwenda nimlete Wawira."

Mama alimwamini, nilimwona usoni. Na kwa nini asimwamini? Alikuwa mzee, ana koti. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na nilikuwa nasema mambo ambayo hata mimi nisingeyaamini. Mnajua adhabu ya mtoto wa siku zile aliyempinga mzee mbele ya watu. Nilifumba macho nikasema.

"Baba mkubwa, wewe uliishia kwa mbuzi."

"Nini?"

"Hukufika mlangoni. Uliishia kwa mbuzi, Kiritiri. Shemeji alikuambia kuna kuku, ukakataa. Na wao hawajawahi kukuona, hata siku moja."

Kuni zilipasuka mekoni. Baba, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, aligeuza shingo polepole.

"Nyaga. Ulimwachia mtoto sokoni?"

"Alikuwa na shemeji yake..."

"Na kwa Ireri? Umeshawahi kufika?"

Baba mkubwa aliangalia ndani ya kikombe chake muda mrefu sana. "Njia ilikuwa na jua," alisema mwishowe.

Nilitumwa nje. Nilisimama ukutani nikingoja fimbo, nikijisemea kwamba hii nayo itapita. Fimbo haikuja. Nilichosikia ni sauti ya Mama: "Simwamini mtoto, na simwamini mzee. Nitakwenda mwenyewe."

Na akaenda, juma lililofuata, na mimi nikiwa mwongozaji wa njia. Lakini asidhani mtu kwamba Mama alikuwa mjinga wa kujitupa tu. Alibeba maji. Nilikuwa nimerudi na kibuyu, akakijaza tena Rupingazi, akakifunga mgongoni kama mtoto. Nilimwambia, "Mama, yapo." Akaniambia nifunge mdomo na nitembee.

Mama yake Ireri alitupokea kwa kelele na kuku. Hakumsugua Mama masikio, ingawa nilimwona anayatazama. Baada ya chakula tulikwenda mtoni sisi watatu, Wawira akabaki na mtoto. Mama alipita kwenye ile miti, akasimama. Kisha akatafuta jiwe. Ni lilelile langu. Akakaa, na kibuyu bado kiko mgongoni, akaweka mikono magotini.

Tulikaa. Maji yalipita. Baada ya muda mrefu Mama aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuonekana hana shida:

"Hapa mvua ilinyesha lini?"

"Haijanyesha," mama yake Ireri alisema. "Mwezi wa pili sasa."

Mama akatikisa kichwa kama anayeelewa. Maji yalizidi kupita.

"Na haya," Mama alisema, "yatapungua saa ngapi?"

Nilijaza leso mdomoni. Mama yake Ireri alitazama juu mitini, akajiuma midomo, na nawaambia mwanamke yule alinipa siku ile somo la adabu nisilolisahau, kwa sababu hakucheka. Alisema tu, "Dada, haya ndiyo yalivyo."

Mama aliyaangalia tena. Shingo yake ilifuata maji kutoka upande yanakotoka hadi upande yanakokwenda. Niliona kabisa jambo linavyomwingia. Alisimama, akafungua kamba, akakishusha kibuyu alichokibeba tangu mlimani, akang'oa gunzi. Akasogea hatua mbili, akamimina taratibu mpaka tone la mwisho.

"Nendeni na wenzenu," aliyaambia.

Hapo ndipo wote watatu tulicheka. Mama alicheka kuliko sisi, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu Wawira aolewe. Kisha akamuuliza mama yake Ireri mashimo yako wapi. Walikwenda wakapiga magoti mchangani, vichwa karibu karibu, wakajaza kibuyu maji ya pale, na Mama akampikia mwanawe uji kwa hayo. Harufu niliyonusa ndani ya kibuyu iliingia siku ile. Mbuzi hawakurudishwa.

Sasa nawaambia kwa nini sisi watu tunajua kidogo sana kuhusu nchi za mbali. Msidhani ni umbali. Kiambere tulifika siku ileile tuliyotoka, na jua bado liko. Tulipokuwa njiani kurudi Mama alinishika sikio. "Ukimwambia mtu yeyote kwamba nilibeba maji nikapeleka Tana, nitakuchapa mpaka usahau jina lako." Kwenye kiwanda cha kahawa wanawake walimzunguka.

"Kuna maji huko?"

"Yapo."

"Mengi?"

"Yapo," alisema, akaanza kuchambua kahawa yake.

Basi ikaishia hapo. Yule aliyefika nusu ya njia alisema yote, na yule aliyefika kabisa alinyamaza kwa aibu ya kutojua mwanzoni. Nami nikanyamaza kwa ajili ya sikio langu. Watoto wa jirani waliendelea kukua wakijua kwamba mbuzi wa Mbeere hulamba umande. Baba mkubwa hakuacha kusimulia, ila nilipoingia na chai alihamia mji wa Maua, akieleza magari ya miraa yanavyoruka mito. Maua nako sidhani kama alifika.

Siku hizi nina nafasi ya kusema, waliokuwa wa kunichapa wamelala. Wawira yuko kulekule Kiambere, ana vitukuu na meno machache, na yule mtoto mwenye sauti ni nyanya mwenye sauti. Jiwe langu halipo. Walijenga bwawa, maji yakapanda, na ile miti yote imo chini. Nilingoja mto upungue, ukaamua kuongezeka.

Basi wiki jana hiyohiyo, mbele ya wale wanawake wa kanisa na chai yao, niliwasimulia yote haya, la Mama pamoja na langu. Yule mama wa kuoga mchanga alicheka mpaka akamwaga chai. Mjukuu wangu alikuwa anafunga sanduku lake la kwenda Hola, ambako huohuo Tana hupita ukielekea baharini. Nikampa kibuyu. Alikitikisa, akakisikiliza, akakigeuza mdomo chini.

"Cucu, mbona hukukitia maji?"

Nikamwambia, "Chukua hivyohivyo kilivyo. Maji yametangulia."